Tata, Kauboi Wako wa Bujonde Kajaza Ukumbi

Tata mpendwa,

Mugonile. Najua kuna watakaoshika mdomo wakiona mkamwana anamsemesha baba mkwe wake, tena anamwita mpendwa. Na washike. Mila ilisema nisikutazame usoni, nisile mbele yako, nisilitaje jina lako, na yote hayo niliyatimiza tangu nilipoletwa kwenu Bujonde hadi siku tulipokuzika. Kuhusu kuandika barua haikusema kitu. Unajua mdomo wangu ulivyo, hata kama ulikuwa unausikia kwa mbali tu. Duniani ni mtu mmoja aliyeweza kuninyamazisha, na ni wewe. Basi leo nisikilize.

Unaikumbuka ile njia ya nyuma ya jiko langu, inayopita katikati ya mikakao mpaka kisimani? Wakwe wengine walikuwa wanakohoa ili mkamwana ajue wanakuja, apishe. Wewe hukuwa unakohoa. Ulikuwa na gitaa ulilorudi nalo kutoka migodi ya Zambia, unatembea nalo mgongoni hata ukienda kutazama kakao yako, na ukifika pale njia inapokunja unagonga uzi mmoja, ule mnene wa juu. Duuum. Kisha unangoja. Nami hata niwe na ndoo kichwani naruka pembeni, najifunika kanga, nachuchumaa nimekupa mgongo mpaka umepita. Mara ngapi nilimwaga maji nikarudi kisimani huku nasonya! Nilikuwa najiuliza, mzee gani huyu asiyeweza kwenda hata chooni bila gitaa? Lakini hukuwahi kunishtukiza njiani hata siku moja. Wenzangu nilioolewa nao wakati mmoja hawawezi kusema hivyo kuhusu wakwe zao.

Jumapili tukitoka kanisani ndiyo ilikuwa siku yako. Unakaa barazani kwako, viatu umevua, unapiga zile nyimbo za kantri mlizokuwa mkiziita nyimbo za kauboi, za watu wanaolilia treni na farasi na wanawake waliowakimbia. Kiingereza chake sikuambulia kitu. Mimi niko jikoni upande wa pili wa ukuta wa mianzi, napepeta mchele, na bila kukusudia nikawa naingia na sauti ya pili, ileile ninayoimba kwaya. Naimba kwa chini kabisa, mdomo nimefumba. Nilijua hakuna anayenisikia ila sufuria zangu.

Halafu akaja Bupe, binti yangu.

Huyo mtoto ndiye aliyekuwa mdomo wetu, Tata. Sahani yako ya wali na samaki aliibeba yeye. Dawa zako zikiisha, alikuja kuniambia yeye. Nikiwa na neno kwako namtuma, nawe unajibu kupitia kwake, na kila akirudi kutoka kwako alikuwa anachelewa kidogo zaidi. Nikadhani unampa miwa. Siku moja namshika mkono nimwoshe, naona vidole vimetoka malengelenge. "Babu amesema yataota sugu," akaniambia, anacheka kama mtu aliyeokota embe. Nilitaka kugomba, nikakumbuka kwamba wa kugombezwa siruhusiwi kumgombeza.

Mwanao, baba yake Bupe, ni mtu mwema na Mungu anajua nampenda, lakini anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa mamba wa mto Songwe. Alipomwona binti wa kidato cha pili amevaa kofia yako pana na viatu vyako vya migodini amevijaza matambara, anaimba barazani, uso wake ulikunjamana. Akasema muziki ni wa wahuni. Ukamtumia jibu kwa Bupe huyohuyo: "Mwambie baba yako ada yake ya shule ililipwa na mhuni." Nilicheka mpaka nikaukalia ungo.

Mwaka ule Songwe ilipofurika ikachukua mpunga wa watu, Bupe akatunga wimbo wake wa kwanza mwenyewe. Ulikuwa kwa mtindo wenu wa kauboi, ila Kiswahili chetu na Kinyakyusa kidogo, na hakukuwa na farasi wala treni ndani yake. "Songwe umekula mpunga, niachie njia ya kurudi." Aliuimba kwenye mahafali, akauimba kwenye harusi mbili, na wazee waliokuwa wanakula wakaacha kula. Hapo ndipo alipomwendea yule kijana mwenye studio pale Kyela mjini, nyuma ya stendi. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa. "Mdogo wangu, sauti unayo. Ila hii kauboi nani ataicheza? Gitaa acha nyumbani, nikuwekee biti."

Bupe akamjibu, "Gitaa likibaki nyumbani, na mimi nabaki nalo." Kwa kiburi hicho amenirithi mimi, sikatai. Lakini alipanda bodaboda akalia njia nzima mpaka dereva akamuuliza kama amefiwa. Hakuja kwangu, alikuja kwako. Nilikuwa jikoni, nilisikia uliyomwambia: "Huyo ni mtu mmoja. Kawaimbie watu kwanza."

Watu wenyewe alitutafutia Mama Chikondi, yule muuza vitenge ambaye mama yake ni wa Karonga, ng'ambo ya Songwe, na baba yake ni wa hapahapa Kyela, kwa hiyo hana mpaka. Alikuwa amemsikia Bupe kwenye harusi. "Kule ng'ambo nyimbo hizi zinatoa watu machozi, ninyi mnazikalia tu," akatufokea sebuleni kwetu. Akakodi ule ukumbi karibu na soko, Jumamosi mchana, akatangaza kwa spika kwenye bajaji. Baba Bupe akakubali, lakini akaweka sharti lake mezani, na mtoto akasikia: "Akichekwa, gitaa linarudi kwa babu yake na yeye anarudi kwenye vitabu. Sitaki tena habari za muziki humu ndani." Najua ulisikia nawe, maana siku hiyo hukupiga gitaa kabisa.

Na wewe nawe ukatuma neno kwamba utakaa kiti cha mbele. Hapo ndipo ikawa kazi. Ukumbi mmoja, mlango mmoja wa mbele, mkwe na mkamwana! Wifi yangu akasema kwa heshima zote mimi nibaki nyumbani, nitasimuliwa. Nikamwambia, "Mimba nibebe mimi, nisimuliwe na wewe?" Tukavutana mpaka Mama Chikondi akatoa vitenge kwenye mzigo wake, akavitundika nyuma ya jukwaa kama pazia. Mimi nikaingizwa kwa mlango wa nyuma, nikakaa kwenye kreti la soda, pua yangu imegusa kitenge. Nilikuwa namwona mwanangu mgongo tu. Alikuwa anaivutavuta sketi ya dukani niliyomnunulia, nikawa nasema kimoyomoyo, simama mama, simama.

Mwanzoni walikuwa wanaongea tu. Kijana wa studio alikuja na wenzake wakakaa nyuma. Bupe alipotokea na kofia yako, mmoja akapiga kelele, "Kauboi wa Bujonde! Ng'ombe uko nao wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Nilimsikia baba yake akikohoa kile kikohozi chake cha aibu. Bupe akaanza, kipaza sauti kikawa kinambeba kidogo, watu wakaanza kutulia, nikaanza kupumua. Akafika kwenye kiitikio. Umeme ukakatika.

Wewe ulikuwepo, lakini hujui ilivyokuwa nyuma ya kile kitenge. Spika zimekufa, feni zimesimama, watu wanapiga miluzi, na sauti ya mtoto imebaki nyembamba kama uzi wa kushonea. Hakuacha kupiga. Lakini nililiona bega lake linashuka, na hilo bega nalijua tangu akiwa mchanga, likishuka hivyo kinachofuata ni kilio. Nikajua nikikaa kimya hapa, leo ndiyo mwisho. Nikafungua mdomo, Tata. Safari hii sikuufumba. Nikaitoa ile sauti ya pili kwa nguvu zangu zote za kwaya, kitenge kikapepea.

Ukumbi ukanyamaza ghafla, na mimi najua haukunyamazia uzuri wa sauti yangu. Watu wa Kyela wanajua mambo yao. Walijua nani yuko nyuma ya pazia na nani yuko kiti cha mbele. Nikasikia mama mmoja akisema, "Mkamwana anaimba mbele ya mkwe wake!" Nikajua nimekuvunjia heshima mbele ya wilaya nzima. Ungeweza kuinuka ukatoka, na hakuna ambaye angekulaumu. Ungeweza kudai ng'ombe wa faini. Niliendelea kuimba kwa sababu mtoto alikuwa anaendelea, lakini machozi yalikuwa yananitoka, nikingoja kusikia kiti chako kikisogea.

Nikasikia fimbo yako ya kutembelea. Ngo. Ikanyamaza. Ngo. Ikachukua mwendo, ukawa unagonga sakafu ya ukumbi ule kama ulivyokuwa unagonga mguu barazani kwako Jumapili, na Bupe akainua kichwa akashika mwendo wa fimbo yako. Sisi watatu tukaumaliza ule wimbo bila umeme. Kisha mzee mmoja akaanza kuitikia, wakafuata akina mama waliopoteza mpunga wao, na kufika mwisho ukumbi wote ulikuwa unaiambia Songwe iwaachie njia ya kurudi. Baba Bupe alisimama akapiga makofi akiwa amelisahau sharti lake. Sijawahi kujisikia hivyo, Tata. Hata siku ya kumzaa sikujivuna kiasi kile.

Mlirudi kwa bajaji, mimi nikarudi na Mama Chikondi kwa njia nyingine, maana kufurahi ni kufurahi na mila ni mila. Jioni ile sikula. Nilijua utatuma neno, nikawa naliogopa. Bupe akaja jikoni na sahani yako, umeimaliza yote, akasimama wima kama anavyofanya akibeba ujumbe wako.

"Babu amesema, mwambie mama yako ile sauti ya pili naisikia toka jikoni tangu alipoolewa. Nyimbo zile zinapigwa haraka. Nilikuwa napiga polepole ili anifikie."

Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Miaka yote ile ya Jumapili, Tata! Mimi nadhani najificha, kumbe unaningoja. Nilimtuma Bupe akuambie ndaga, asante. Neno moja tu, mimi mwenye maneno mengi hivi. Leo naona halikutosha, ndiyo maana naandika.

Umeondoka, na mengi yamefuata ambayo ningependa uyasikie kwangu badala ya kusimuliwa na marehemu wenzako. Ameimba Tukuyu. Ameimba Karonga mara tatu, na kule wanamwita dada yetu. Redio imeupiga wimbo wa Songwe Jumapili moja, baba yake akaongeza sauti mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, naye akawakaribisha chai. Yule aliyepiga kelele za ng'ombe amempa jina bila kujua: kwenye matangazo yote sasa ameandikwa Kauboi wa Bujonde. Na kijana wa studio anaapa mjini kwamba yeye ndiye aliyemgundua. Nilikutana naye sokoni nikamwambia, "Hongera, mwanangu, kwa kugundua." Alielewa.

Mtihani wa kidato cha nne amefaulu, baba yake hana la kusema. Mwezi uliopita akajaza ukumbi uleule karibu na soko, watu wengine wamesimama madirishani, na safari hii umeme haukukatika. Nilikaa kiti cha mbele, Tata, kiti chako. Nilikalia ncha tu, sikuweza kukiegemea.

Sasa nikuambie cha leo asubuhi. Bupe amekwenda Mbeya kurekodi nyimbo zake zote, na sauti ya pili amesema atanijia Alhamisi, hataki ya mtu mwingine. Kabla hajaondoka, mimi nilikuwa natoka kisimani na ndoo yangu kichwani. Pale njia inapokunja nikasikia uzi mmoja, ule mnene wa juu. Duuum. Kisha kimya, mtu anangoja.

Sikufikiri. Nilishtukia niko pembeni, nimechuchumaa kwenye majani ya kakao, kanga usoni, maji yote yamenimwagikia. Nikamsikia anacheka. "Mama! Ni mimi, nimetania tu. Inuka!"

"Najua ni wewe," nikamwambia. "Pita."

Akaacha kucheka. Akapita taratibu na gitaa lako mgongoni, na mimi sikuinuka mpaka alipomaliza kupita.

Ndaga fijo, Tata. Lala salama. Ukikutana na wenye gitaa huko, usiwapigie haraka, wengine tunakuja.

Mkamwana wako,
Mama Bupe
Bujonde, jikoni