Feni Niliyoipitisha

Athi River, Machakos

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina jambo zito la kukueleza.

Unajua kazi yangu hapa kiwandani ni kupima mtetemo wa mashine. Naweka kifaa juu ya beringi, pale mhimili wa mashine unapozungukia, nasoma namba, kisha naangalia jedwali la kiasi kinachokubalika. Jumatatu nilipima moja ya feni mbili kubwa za tanuri. Namba ilikuwa chini ya kikomo. Nikaandika "Sawa", nikatia sahihi.

Mzee Mutua, anayeiendesha feni hiyo, alinishika bega. "Hii feni imebadilika. Wiki jana haikuwa inatetemeka hivi. Mimi naisikia na miguu."

"Mzee, jedwali linasema iko sawa."

Akarudi kukaa kwenye kiti chake kando ya feni.

Baba, sikufungua hata daftari la wiki iliyotangulia. Kesho yake, tukinywa chai ya saa nne, tulisikia kishindo kama lori limegonga ukuta. Panga la feni lilikuwa limekatika, likatoboa bati na kupita pale pale alipokaa Mzee Mutua. Nilimkuta chini, mkono umevunjika, anauliza kama feni imezimwa. Mtu mwingine ndiye aliyekimbilia swichi.

Nilipofungua daftari, niliona mtetemo umeongezeka maradufu kwa wiki moja. Ulikuwa bado chini ya kikomo, lakini maradufu, Baba. Ningeangalia ukurasa mmoja tu nyuma.

Meneja alipouliza nani aliipitisha, nilisema ni mimi. Bado hajaniambia kama nitabaki kazini.

Jana nilikwenda kumwona Mzee hospitalini. Nilipoanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Ile feni ya pili umeipima?"

"Bado."

"Na huku umekuja kufanya nini? Musyoka anayeiendesha amekaa kando yake saa hii. Enda."

Nilitoka bila kuketi. Nimeipima, nimelinganisha na kurasa zote za nyuma, na nimeomba izimwe. Leo asubuhi imezimwa.

Nisalimie Mama, dada Mghoi na wanafunzi wake, na mjomba wa dukani. Mwombeeni Mzee Mutua kabla ya kuniombea mimi.

Mwanao,
Mwakio