Neno "Tunadai"

Tanga, Ijumaa, 1957

Kwako, nafsi yangu tukufu. Baada ya salamu na heshima, nakuandikia kwa shabaha moja: kesho wakata mkonge wanamchagua rais wa chama chao, nami, karani wao, sijajua nimpigie nani kura.

Mgombea mmoja, Hassani, ataka mishahara ipande na tajiri mwenye shamba agawane faida na wafanyakazi. Leo alasiri mkutanoni walimshangilia hata walimu na wenye maduka, watu ambao hawajapata kushika kisu cha mkonge. Mpinzani wake, Bwana Yohana, alisoma hotuba niliyomtungia mimi. Ilikuwa safi. Watu walipiga miayo.

Kisha Hassani alinifuata nyumbani. "Bwana karani, katika barua yetu kwa meneja umeandika 'twaomba kwa unyenyekevu'. Futa. Andika 'tunadai'."

Nikamjibu kwamba neno hilo halina adabu.

Mke wangu akacheka. "Bwana wee, kwa adabu yako hiyo, mishahara imepanda lini?"

Nachelea meneja atawafukuza watu. Nachelea pia kwamba Hassani asema kweli.

Basi tafadhali toa uamuzi: nimpigie kura Hassani, au nisimpigie?