Masomo Kumi na Moja Kwenye Flashi Moja

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji na watoto wazima? Mimi nipo, ila koo halinipi nafasi. Daktari atatoa uvimbe tarehe 14, na baada ya hapo wiki sita nisitoe hata mnong'ono. Sauti itakayorudi, hata yeye haijui.

Darasa langu la mtihani limebakiza mada kumi na moja za hisabati, na mwalimu mwingine hakuna. Kwa hiyo ninajirekodi: nachora kwenye skrini ya kompyuta huku naeleza. Lakini somo moja la dakika arobaini limekula gigabaiti sita! Flashi ya shule ina nane, na nyingine mkuu hana. Ni mbovu?

Dada yako

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole kwa koo. Huku wote wazima, isipokuwa mimi uliyenipandisha presha.

Flashi haina kosa. Umerekodi kwa megabiti ishirini kila sekunde, tena fremu sitini, yaani picha sitini kwa sekunde. Wewe unachora pembetatu, huonyeshi mechi ya mpira! Na hesabu ni yako, mwalimu mzima: megabiti ishirini mara sekunde sitini, gawa kwa nane kwani biti nane ni baiti moja, ni megabaiti 150 kwa dakika. Mara arobaini, je?

Weka megabiti mbili, fremu kumi na tano, picha ya ukubwa wa 720. Utapata megabaiti 15 kwa dakika. Masomo yote ni dakika 440. Zidisha mwenyewe uone kama flashi haitoshi. Tafadhali, jaribu dakika moja kwanza.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Salama huko? Mimi nashukuru, nimemaliza! Yote kumi na moja yameingia. Nimefuata fremu zako, na sauti nimeizima kabisa isile nafasi. Siku hizi inakwaruza kama bawaba kavu, watoto watacheka tu. Maandishi yanatosha.

Sasa pumua.

Dada yako

9 Machi, jioni

Dada,

Shikamoo, na hali yako sikuulizi, maana nitasema mengine.

Umezima SAUTI? Sauti haifiki hata megabaiti moja kwa dakika! Picha kumi na tano, sauti moja: jumla kumi na sita. Mara 440 ni 7,040. Inaingia na nafasi inabaki! Nani alikwambia uiguse? Mtoto atajuaje kwa nini umehamisha hiyo namba upande wa pili, asome mawazo yako?

Wakicheka, wacheke. Zimebaki siku tano. Washa kipaza sauti urudie.

Nisamehe ukali. Hasira hizi si za flashi. Nimetafuta kwenye simu yangu yote, sina hata mahali pamoja nilipohifadhi sauti yako.

Mdogo wako

17 Machi

Dada,

Shikamoo. Siku ya tatu hii, simu yako inapokelewa na muuguzi, naye anasema "anaendelea" basi. Anaendelea wapi? Ulirudia au hukurudia? Andika hata neno moja.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba zako zote, na pole kwa kusubiri. Kidonda kinakauka. Bado sijaruhusiwa kusema.

Nilirudia yote. La mwisho nilimaliza tarehe 13 saa nne asubuhi, nikinywa maji kila sentensi mbili. Kuna mahali kwenye rekodi nimekukasirikia waziwazi kwa kunirudisha kazini, na sikukata.

Leo nilikwenda shuleni, nikakaa dawati la nyuma. Mwanzoni walicheka kidogo, kisha wakaanza kuandika. Katikati ya somo la tatu, msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono kuielekea skrini. "Mwalimu, hapo sijaelewa." Mimi wa kwenye skrini nikaendelea tu, kama sina adabu. Yeye hakushusha mkono.

Nikainuka, nikapita katikati ya madawati, nikasimamisha video. Nikashika chaki, nikaandika ubaoni: "Umepotea wapi?"

Akaja, akanionyesha mstari.

Dada yako