Vidole Vyangu Ukutani kwa Mustapha

Tereza shoga yangu, leo nimeitwa mchawi mbele ya watu.

Unajua bega langu lilivyokuwa gumu tangu nilipoanguka kutoka juu ya paa bapa la tembe letu, siku ile gari moshi la Wajerumani lilipopiga firimbi mara ya kwanza. Muuguzi wa misheni aliniambia nitembeze vidole ukutani kama buibui, kila siku nipite alama ya jana. Sasa tembe letu ni fupi, paa linanigusa kichwa. Ukuta mrefu ni wa nani? Wa duka la Mustapha.

Basi alfajiri ananikuta nimesimama kwa ncha za miguu, mkono juu, nimeshika mkaa. "Bibi Loisi, unaniroga?" Mimi, shoga yangu. Eti namroga.

Watu wakajaa. Nikawaonyesha alama zangu, ya kwanza usawa wa kiuno, ya leo juu ya kichwa. Mustapha akasema, "Hata mchawi anachora alama." Mkewe Zaitun akaleta kibuyu kimejaa maji. "Basi jitwike mwenyewe, bibi, tuone kama kweli ni dawa ya bega."

Tangu nianguke ni mkamwana wangu Ruthu anayenitwika. Nikainua. Bega likalia, lakini likapanda. Nusu ya maji yakammwagikia Mustapha, akacheka mpaka akaketi chini.

Nimerudi na kibuyu kichwani. Ruthu alikuwa anasaga, hakuniona. Nikazunguka tembe nipite tena mbele yake, na nilipofika mlangoni nikakohoa.