Wakaguzi Watatu, Asubuhi Moja

Kaka Magesa,

Wamekuja. Wote watatu, gari moja, asubuhi moja. Nimekaa hapa Guta kando ya tanuri letu la matofali nakuandikia wewe, maana wengine nikiwaambia wananiuliza, "Sasa unalilia nini, si umepata kibali?"

Wewe unajua. Ulikuwaga unawabeba kwa baiskeli. Petroli hakuna, gari la serikali liko juu ya mawe. Ukitaka mkaguzi aone eneo, umfuate mwenyewe Bunda mjini. Wa misitu wiki hii, wa ardhi mwezi ujao, wa maji akijisikia. Yule wa maji, mnene, alikuwaga anakuonya kwenye kona, "Taratibu kijana, umebeba sahihi." Watu wa sokoni wanapiga kelele, "Magesa, leo umepakia serikali!" Nawe unawajibu, "Na kwenye kilima haishuki kusukuma!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini hesabu ilikataa. Kibali cha kuni kinaishi miezi mitatu; karatasi ya maji inapelekwa Musoma, sahihi inarudi baada ya minne. Ya mwisho ikifika, ya kwanza imekufa. Unaanza upya. Mvua ikakuta matofali mabichi elfu sita yamepangwa yanangoja karatasi, yakarudi kuwa tope. Ulisimama ukayaangalia. Mwaka uliofuata homa ikakuchukua, na tanuri hukuwahi kuliwasha.

Mwaka huu nimefyatua tena, kwa mikono yangu, na mawingu nayaona juu ya ziwa. Siku hizi ofisi zimeambiwa ziache kumzungusha mtu: ombi moja, wakaguzi waje pamoja. Sikuamini. Nilijiandaa kugombana.

Kaka, walibishana wao kwa wao! Wa misitu akasema kuni hapana, nichome kwa maganda ya mbegu za pamba, hivi viwanda vipya vya watu binafsi vinayatupa tu. Wa ardhi akaonyesha shimo tunamochimba udongo. Wa maji akafuata mteremko kwa miguu mpaka kisima cha kina mama, akarudi anahema. "Dada, mvua ikinyesha, tope la shimo hili linaenda wapi?"

Nikafuata mteremko kwa macho: kisimani. Zamani kila mmoja aliangalia chake akaondoka. Kisima hakikuwa cha ofisi yoyote. Na sisi je? Hatukukiona pia.

Wakasaini juu ya boneti. Sharti ni shimo lihamie upande wa pili wa tanuri.

Nilishukuru, nikawapa maji ya kunywa, wakaenda. Ndipo nikalia. Asubuhi moja tu, kaka. Kumbe inawezekana. Hata wewe ulipokuwa hai ingewezekana, hilo ndilo siwezi kulimeza.

Haya. Shimo la zamani nalifukia kuanzia kesho, kabla ya mvua, kina mama wasichote tope letu. Na haya matofali yataiva, nakuahidi. Wewe pumzika. Moto wa mwaka huu ni juu yangu.

Mdogo wako,
Nyangeta