Ngombe Makumi Mbili za Ngabu

Mujukuu wangu Neema,

Salamu toka Bunia. Siye tuko muzima. Shangazi yako alizala mutoto mwanamuke, na goti yangu inaniacha nifike mpaka soko.

Unaniuliza kama mali yangu inafikia ya walimu wenzangu tulioacha nao kazi mapema. Hata mimi ninajiuliza! Nikipita kwao, macho inahesabu mabati.

Lakini sikia. Katika ujana wangu nilikuwa na ngombe tatu. Rafiki yangu Ngabu, wa Bogoro, alikuwa anachunga makumi mbili. Wivu ilinichoma, nikaenda kumuuliza wazi: "Ulifanya namna gani mpaka ukanipita hivi?"

Akacheka. "Weye uko na ngapi?"

"Tatu."

"Ya kwako kabisa?"

"Kabisa."

"Basi weye ndiye umenipita. Hii yote ni ya watu, mimi ninawachungia tu. Ya kwangu ni ile moja inachechemea."

Neema, nilifurahi. Kisha nikaogopa ile furaha: rafiki yangu hana kitu, na mimi roho inacheza! Mpaka leo ninajiuliza ilitoka wapi.

Jana nilikutana na mwenzangu mumoja wa retrete, mwalimu tuliyeacha naye kazi. Nilitaka kumuuliza yuko na parseli ngapi za kujengea nyumba. Mudomo ikageuka, nikamuuliza: "Unalala vizuri?" Akaketi kando yangu, akaanza kunielezea usiku wake. Tuliachana jua ikiisha kushuka.

Mungu akuchunge huko masomoni.

Koko yako