Kazi Niliyomwachia Shangazi

Kwako Mama Neema, mke wangu uliyetangulia,

Nakumbuka siku tulizokuwa tukienda Lilongwe pamoja, nilipokuwa bawabu wa kibanda cha video hapa kambini Dzaleka. Ulibaki sokoni Tsoka ukilalamika kwamba dagaa wa huku si kama ndagala wa kwetu, nami nikaenda kukodi kaseti. Nyingine zilikuwa na namba 18 kwenye ganda. Namba hiyo niliifuata kama amri. Zikionyeshwa hizo, hakuna mtoto aliyepita mlangoni kwangu.

Jumamosi moja Neema wetu, akiwa na miaka kumi na miwili, aliniletea chakula pale kibandani. Akauliza, "Papa, mule banaonyesha nini?" Nikamjibu, "Mambo ya bakubwa. Rudi nyumbani." Nilijiona baba mwema.

Nilipokusimulia ulicheka. "Ile namba inafunga mlango tu, Papa Neema. We kinywa chako utafungua lini?"

"Hiyo ni kazi ya shangazi yake."

"Shangazi mwenyewe njo huyo iko mbali, kwetu Rumonge! Atamufundisha kwa upepo?"

Ulisema kweli. Kwetu shangazi ndiye humfundisha binti mambo ya mwili. Mama husema kidogo, baba hasemi kabisa. Lakini vita vilitutenganisha na dada yangu, na wewe ukaniahidi kwamba utajaribu mwenyewe ukishajifungua. Hukurudi kutoka hospitali. Mtoto naye hakurudi.

Neema alipoona damu yake ya kwanza, nilimpeleka kwa jirani, mama mmoja wa kanisa letu, nikangoja nje. Walitoka kabla hata chai haijachemka. Nikamshukuru yule mama, nikaona kazi imekwisha.

Wiki hiyohiyo Neema aliacha shule. Leo kichwa, kesho tumbo. Sikumpiga, nilijua ana huzuni yako. Ilipofika wiki ya tatu, juzi, tukichambua maharagwe, nikamwuliza tena kwa upole. Kumbe yule mama alimwambia, ili kumtisha: "Ukikaa benchi moja na mvulana, utapata mimba." Na darasani wanakaa watatu watatu, yeye katikati ya wavulana wawili.

Nilikaribia kucheka. Ndipo akauliza, bila kuinua kichwa:

"Papa, mama alikufa juu ya kukaa karibu na we?"

Mwenzangu, hata njiani tulipokuwa tunakimbia sikuogopa hivyo. Wiki zote hizo alikuwa akila nami sahani moja na swali hilo tumboni.

Nilimwambia. Nilisema mimba inatoka wapi, kwa maneno yake kamili, macho yangu kwenye maharagwe. Nilimwambia kwamba sisi wawili tulimtaka yule mtoto, kwamba ulitokwa na damu nyingi na haikusimama. Kisha akauliza mengine, moja baada ya jingine, na mawili sikuyajua. Nikasema tutamwuliza muuguzi.

"Mbona hamukuniambia mbele?"

"Nilisikia haya."

"We haya," alisema, "na mi nilikuwa naogopa kila siku."

Wewe ungemkumbatia kwanza, halafu ungenitania mbele yake mpaka sote tucheke. Mimi niliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, hata yalipokuwa hayana mawe tena.

Leo asubuhi amerudi shule. Alikuwa amekwisha kutoka, akageuka. "Papa, uende na kwa yule mama. Iko na babinti babili badogo."

Nimeahidi kwenda kesho. Yule mama hakukusudia ubaya. Labda naye hakuna aliyemwambia. Bado natafuta neno la kuanzia.

Nakuacha hapo kwa leo, mwenzangu. Pumzika.

Mumeo,
Baba wa Neema